Kipima mwanga na uso wa bibi

Likizo ndefu nilikuwa nyumbani Nyalikungu, Maswa. Nikampiga bibi picha mbele ya lundo la pamba. Mkanda kusafishwa, uso giza tupu! Bibi akauliza, “Huyu mimi au kivuli changu?” Nikaona aibu.

Kumbe kipimo cha kamera husoma mwanga unaorudi, weupe wa pamba ukakidanganya. Cha mkononi chenye kikombe cheupe hupima mwanga unaomfikia mtu mwenyewe.

Sekonic L-398 haitaki betri, ila za mtumba jicho la seleniamu huweza kuchoka. L-308 inataka betri moja ndogo, na hiyo hata dukani kwetu ipo. Bumu likitoka nachukua 308. Bibi ana umri, wadau. Picha hii haisubiri.