Keki ya Mama na Kosa Langu

Mimi ni bwana shamba. Nafanya kazi wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya, karibu na Ziwa Nyasa. Huku tunalima mpunga, ndizi na kakao. Kwa miaka mingi nimewafundisha wakulima kuvundika kakao. Leo nitakueleza kosa langu mwenyewe, na jinsi keki ilivyolifichua.

Daftari la mama

Mama yangu alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, miaka ya 1970. Alipojua kuandika, aliandika katika daftari lake namna ya kupika keki. Alifundishwa na jirani yake. Daftari hilo analo mpaka leo. Lina madoa ya mafuta, lakini maandishi yanasomeka. Tulipokuwa watoto, alitupikia keki hiyo kila Krismasi.

Ndani ya keki mama alitia kakao ya kopo. Aliinunua dukani. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na miti ya kakao. Sisi watoto tulinyonya ule utando mtamu mweupe, tukatema mbegu. Lakini hatukufikiri kula kakao yetu wenyewe. Ya kwetu ilikuwa ya kuuza.

Kosa langu

Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipanda sana. Ilipita dola 10,000 za Marekani kwa tani moja. Huku kwetu kila mtu alitaka kuuza upesi. Mimi pia nilitaka. Mwanangu wa kwanza alikuwa anaingia chuo, na ada ilihitajika.

Mama ni mzee sasa. Shamba lake nalisimamia mimi. Nilivuna kakao yake, nikaivundika siku 2 tu, kisha nikaianika. Nilijua kwamba siku 2 hazitoshi. Niliwaambia hivyo wakulima katika kila mkutano. Lakini nilijipa moyo kwamba hakuna atakayepasua punje na kutazama ndani.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, imekaa siku ngapi kwenye majani ya mgomba?"

Nikamjibu, "Sita, mama."

Kakao ilipimwa, nikalipwa. Ada ikapatikana.

Mama alikuwa amebakiza bakuli moja la punje kavu. Alitaka kumpikia mjukuu wake keki ya kumuaga, na safari hii kwa kakao ya shamba letu. Alikaanga punje, akazimenya, akazitwanga. Keki iliumuka vizuri. Rangi yake ilipendeza. Lakini tulipoionja, ilikuwa chungu. Ilikaza ulimi kama ndizi mbichi. Mwanangu alitafuna kwa heshima tu.

Mama hakusema neno. Alichukua punje iliyobaki, akaipasua kwa kisu. Ndani ilikuwa na rangi ya zambarau. Akaniuliza tena, "Siku ngapi?"

Mbele ya mwanangu nikasema, "Mbili."

Mama akasema, "Basi hii ndiyo tuliyowauzia watu."

Ndugu msomaji, maneno hayo yaliniuma kuliko karipio la mkubwa wangu wa kazi. Nilikuwa nimefundisha jambo kwa miaka mingi bila kulionja kinywani mwangu.

Kwa nini tunavundika?

Ule utando mweupe una sukari. Vijidudu huila sukari hiyo, na joto hupanda mpaka nyuzi 45 hadi 50. Joto na ukali wake huiua mbegu. Ndani ya mbegu uchungu hupungua, na ladha ya chokoleti huanza kutengenezwa. Ukianika mapema, kazi hiyo hukatika katikati.

Mavuno yaliyofuata nilifanya kama ninavyofundisha. Nilitumia matunda yaliyoiva tu. Nilijaza kakao katika sanduku la mbao lenye matundu chini, nikaifunika kwa majani ya mgomba. Nilichanganya kila baada ya siku 2. Baada ya siku 6 niliianika juu ya chanja, si chini wala kando ya barabara. Jua likiwaka vizuri, hukauka kwa muda wa wiki moja hivi. Nilipoipasua, ndani ilikuwa ya kahawia. Nikampelekea mama bakuli moja. Alipasua punje 3 kabla ya kuipokea.

Namna ya kupika keki hii

Tafuta vitu hivi:
Unga wa ngano, vikombe 2.
Sukari, kikombe 1.
Kakao iliyotwangwa, nusu kikombe.
Mafuta ya kupikia, nusu kikombe.
Maziwa, kikombe 1.
Mayai 3.
Beking pauda, vijiko vidogo 2.
Chumvi kidogo.

Chagua punje safi zisizo na ukungu. Zikaange kwa moto mdogo, huku ukikoroga, kwa nusu saa hivi. Zikianza kualika na kunukia, ziepue. Menya maganda, upepete. Zitwange zikiwa bado na joto. Usishangae kuona unga unageuka kuwa kama uji mzito. Karibu nusu ya punje ya kakao ni mafuta. Ndiyo maana mama amepunguza mafuta yaliyoandikwa katika daftari lake.

Pasha maziwa moto kidogo, uyeyushe kakao ndani yake, kisha uache yapoe. Piga mayai na sukari mpaka vitoe povu. Tia mafuta, kisha maziwa yenye kakao. Changanya unga, chumvi na beking pauda, uvitie kidogo kidogo huku ukikoroga. Mimina katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta.

Kama huna jiko la kuokea, chukua sufuria kubwa. Tia mchanga mkavu chini, uipashe moto. Weka sufuria ndogo juu ya mchanga, ufunike ile kubwa. Acha makaa machache chini, na mengi zaidi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 40 choma keki kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, imeiva.

Sahani mbili

Keki ya pili ilikuwa tamu. Mama alikula vipande 2. Kisha akaniambia, "Wapelekee wakulima wako. Lakini wapelekee na ile mbaya."

Nikafanya hivyo. Nilipika keki moja kwa kakao ya siku 2 na nyingine kwa kakao ya siku 6. Niliziweka mezani mkutanoni, bila kusema ipi ni ipi. Watu walionja. Mzee mmoja, aliyelima kakao maisha yake yote, alikuwa hajawahi kuila. Alisogeza kando sahani ya kwanza, akauliza, "Hii ni ya nani?"

Nikajibu, "Ni yangu, Mzee. Niliiuza hivyo hivyo." Kisha nikawasimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe.

Ndugu msomaji, ukivuna kakao, tenga bakuli moja. Ikaange, itwange, uile na watoto wako. Kama ninyi hamwezi kuila, msimuuzie mwenzenu.