Presha ya Kushuka

Kwetu kusini presha ni mbili: ya kupanda na ya kushuka. Mwenye ya kupanda huambiwa aache chumvi. Mwenye ya kushuka huambiwa ailambe. Mgawanyo huo ni mwepesi mpaka umpate mtu mmoja mwenye zote mbili.

Bibi yangu wa Ruangwa ana miaka mingi anameza dawa za presha ya kupanda. Msimu uliopita wa korosho alianza kuona giza kila alipoinuka. Na kuokota korosho ndiko huko: kuinama, kuinuka, kuinama tena, juani, tangu asubuhi. Majirani wakakata shauri: presha imegeuka, aache dawa, anywe maji ya chumvi. Mama akanipigia kutoka Nachingwea. "Wewe msomi, tumpe au tusimpe?"

Shahada yangu ya uzamili ni ya isimu, si ya tiba. Nilimwambia asubiri, bibi asiache dawa, nami nikaenda na mashine ya kupimia presha.

"Mume wangu, wenzako huleta vitenge, wewe waniletea nyaya!"

Nilimpima akiwa amelala dakika tano: 142 kwa 80. Akasimama, nikampima tena kabla ya dakika tatu kupita: 114 kwa 70. Akipimwa ameketi, namba zilikuwa nzuri, ndiyo maana daftari lake la kliniki halikuonyesha kitu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, au ya chini kwa 10, daktari anapaswa kujua. Damu huvutwa miguuni, mwili unachelewa kuirudisha juu, na ubongo unapungukiwa. Umri, dawa, jua na maji kidogo vyote huchangia.

Kwa hiyo presha haikuwa imegeuka. Daktari alisoma namba zetu, akapunguza dozi, akakataza ile chumvi. Mengine ni ya nyumbani: anywe maji ya kutosha, ale kidogo kidogo. Akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame ameshika kitu. Akiona giza alale palepale, miguu iinuliwe. Akizimia, akichanganyikiwa, akiumwa kifua au akipata choo cheusi, ni hospitali moja kwa moja.

Dozi aliikubali. Kilichomshinda ni kigoda tulichompelekea shambani, atenganishe korosho na mabibo akiwa ameketi, wajukuu waokote.

"Mwenye shamba akikaa, watu husema amekwisha."

Sikuwa na jibu la kitabu. Mama ndiye aliyelipata: akachukua kigoda cha pili, akaketi kando yake, wakafanya kazi wakisengenya hadi saa sita. Siku hizi nikipiga simu siulizi kama presha imepanda au imeshuka. Nauliza: akilala ngapi, akisimama ngapi?