Ngozi Iliyopauka na Haraka Yetu



Tulipohama Mombasa kuwafuata waume zetu Khayega, mama alitufungia chupa mbili za mafuta ya nazi. Asubuhi moja ya Julai tuliyakuta yameganda meupe kama nta. Nyumbani hatukuwahi kuyaona hivyo, kwani huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa kipupwe Kakamega huteremka mbali zaidi ya hapo.

Baridi ile tuliipokea kwa ugeni. Tuliota moto wa makaa, tukaoga maji ya moto mno, na kila baada ya udhu tukajisugua kwa taulo. Kufikia Agosti miguu yetu ilikuwa na mistari myeupe kama ya chaki, na nyuso zilikuwa zimepauka. Nayo harusi ya mpwa wetu Mombasa ilibakisha wiki tatu.

Mdogo wetu alinunua sokoni kopo la mkorogo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viungo. Tulimwona, wala hatukumkataza. Ukweli ni kwamba tulikuwa tukingoja kuona litamfanya nini, ili nasi tupake.

Siku za kwanza aling'aa. Wiki ya pili uso ukawaka na kuchubuka, hata maji ya udhu yakawa yanamliza. Daktari alitueleza kwamba mikorogo mingi huwa na haidrokwinoni, steroidi au zebaki, na kwamba zebaki hupenya ngozi ikadhuru figo, na huweza kumfikia mtoto kwa maziwa ya mama. Vipodozi vya zebaki vimo katika orodha ya bidhaa ambazo Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka ziondolewe. Hatukujua kopo letu lilikuwa na kipi. Tulichokijua ni kwamba mdogo wetu alikuwa akinyonyesha, na mwanawe hulala shavu lake juu ya shavu la mama.

Tukarudi kwenye chupa ya mama, safari hii kwa subira, maana ngozi huchukua mwezi hivi kujivua ya juu na kuleta mpya. Tulioga maji ya vuguvugu. Baada ya udhu tulijifuta kwa kugusagusa tu, kisha tukayeyusha mafuta kiganjani na kupaka kidogo ngozi ingali na unyevu, kwani mafuta hayaleti maji bali huyazuia yasipotee. Yaliyoganda juu ya ngozi tuliyafuta kabla ya udhu mwingine, ili maji yafike. Mara moja kwa wiki sisi wazima tulisaga liwa kwa marashi ya waridi, tukapaka na kuosha kabla haijakauka ikakaza. Mdogo wetu hakupaka liwa mpaka uso wake ulipopona kabisa.

Sisi tulikwenda harusini na miguu yenye afya. Yeye alibaki Khayega, uso ameufunika kwa mtandio. Jamaa walipouliza yuko wapi, tulijibu kwamba mtoto hajisikii vizuri. Tuliporudi tulimwomba radhi, si kwa uongo ule tu, bali kwa siku ile ya sokoni tuliponyamaza.

Allah atuhifadhi sisi na watoto wetu, na atujaalie ulimi wa kunasihiana mapema. Amin.