Makina hadi Diani: Mara Yangu ya Kwanza Kuiona Bahari

Kwetu Makina, Kibera, mtu alikwenda Mombasa akifiwa, akioa au akitafuta kazi bandarini. Kwenda kupumzika tu, ulipe pesa ulale karibu na maji, lilikuwa jambo la wazungu na matajiri. Kwa hiyo chama chetu cha akina mama kilipoamua kwamba akiba ya mwaka itanunua tikiti za treni badala ya sufuria, nilifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Tulitoka adhana ya alfajiri ikiwa imeshalia, tukawahi kituo cha Syokimau. Mizigo yote ilipangwa mstari chini, sisi tukasogezwa kando, na mbwa akapita akinusa begi moja baada ya jingine. Langu lilikuwa na chapati na kuku. Alisimama hapo kidogo, kisha akaendelea. Saa mbili treni ya Madaraka ikang'oa nanga. Imebeba abiria tangu 2017, na daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Reli ya zamani ya kwenda Kisumu inakatiza Kibera, na tangu utotoni nimeijua kama njia ya miguu na mahali pa kutandika bidhaa. Sasa nilikuwa nimekaa juu ya reli inayonipeleka mahali.

Baada ya Mtito Andei udongo uligeuka mwekundu, na mama mmoja akapiga kelele: ndovu! Walikuwa wekundu vilevile kwa vumbi la Tsavo. Behewa zima lilihamia dirisha moja. Nilipotazama pembeni ndipo nilipoona wenzangu wa safari ni akina nani: vijana wa ofisini, familia yenye watoto wa shule, wanachama wa kanisa moja wenye fulana za rangi moja. Karibu wote walikuwa Wakenya, na wengi walikuwa wakiulizana, si hoteli gani, bali nyumba gani ya kukodi.

Miritini, kituo cha mwisho cha treni Mombasa, joto lilitupokea mlangoni. Tungeweza kwenda kusini kwa barabara ya Dongo Kundu, lakini mimi nilitaka feri ya Likoni. Ni soko letu la Toi siku ya Jumamosi, limeng'oka na kuanza kuelea: baiskeli, mikokoteni, magari na watu bega kwa bega, na anayekwenda kwa miguu halipi kitu.

Nyumba yetu ilikuwa Diani, upande wa Ukunda, mbali kidogo na ufuo. Tulikuwa tumeichagua kwa simu na kutuma malipo ya kushikia nafasi kwa M-Pesa, nami njia nzima nilihofu kwamba hakuna nyumba. Ilikuwepo, na mwenyewe alikuwa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni, karibuni ndani."

Kwetu mwenye nyumba ukimwona ni tarehe ya kodi. Huyu alituonyesha kila kitu: bomba la kisima, ambalo maji yake yana chumvi na sabuni haitoi povu, na pipa la maji matamu ya kupikia. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi tulimwelewa haraka, na hakuna aliyemwaga hata kikombe.

Kesho yake tulikimbilia ufukweni asubuhi, na bahari haikuwepo! Mchanga na mawe tu, na watoto wakiokota kombe. Kumbe maji yalikuwa yamekupwa. Tuliporudi mwenyeji akatuambia saa ya kujaa, na alasiri nikaingia hadi kiunoni, nikalia kwa furaha mbele ya watu.

Jioni alitufundisha kukuna nazi. Unakalia mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma, unazungusha kifuu taratibu, kisha nazi iliyokunwa inakamuliwa ndani ya kifumbu, tui la kwanza likawekwa kando hadi mwisho. Akikuna, alisimulia. Vyumba hivi alivijenga awapangishe wafanyakazi wa hoteli, enzi ndege za Wajerumani na Waitaliano zilipokuwa zikishuka Mombasa. Mwaka 2014 serikali za Ulaya zikawaonya raia wao, hoteli zikafungwa, wapangaji wakaondoka. Treni ikaja, na baada ya mwaka 2020 wakaanza kumjia watu wa Nairobi na kompyuta zao, wakikaa mwezi mzima wakifanya kazi barazani. Wageni wa sasa, alisema, wanataka jiko, intaneti na mtu wa kuwaambia ukweli.

Hapo ndipo nilipoiona nafasi iliyopo. Hoteli kubwa haihitajiki ili mtu apokee mgeni; panahitajika chandarua kisicho na tundu, bei isiyobadilika mlangoni, na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kwa sababu hata nyumba ndogo ya wageni inadaiwa leseni.

Ndugu zangu wa Pwani wenye chumba cha ziada, tupokeeni: sisi wa Makina, wa Kawangware, wa Nakuru. Tunakuja kwa makundi, tunajipikia, na tukiridhika tunawaleta majirani. Msitufiche kuhusu maji ya chumvi wala umbali wa ufuo. Nanyi wa nyumbani, wekeni akiba, epukeni Desemba ambapo bei hupanda, na kabla ya kulipa ulizeni mambo mawili: maji ya kupikia yapo, na bahari hujaa saa ngapi?