Kabla ya Kununua Risiva, Wahesabu Jamaa Zake

Ndugu msomaji, wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Usemi huo tumezoea kuutumia tunapohimizana katika kazi za pamoja. Leo nataka tuuingize sebuleni, mahali ambapo runinga, king'amuzi, deki, spika na risiva hutakiwa kushirikiana, na ambapo mara nyingi kila kimoja husema lugha yake.

Risiva ni chombo kinachopokea sauti na picha kutoka vyombo vingine, kikachagua kile mnachotaka, kikaikuza sauti na kuigawa kwa spika zilizozunguka chumba, kisha kikaipitisha picha kwenda kwenye runinga. Si chombo cha bei ndogo. Katika nyumba nyingi fedha yake yaweza kulipia karo ya mtoto au kuezeka chumba. Kwa hiyo kukinunua si jambo la kumwachia mtu mmoja aamue akiwa amesimama mbele ya kaunta. Ni shauri la nyumba nzima.

Sisi waandishi wa habari tulifundishwa chuoni maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Katika ununuzi wa vyombo vya nyumbani, swali linalorukwa kuliko yote ni “kwa nini”. Nyumbani kwangu jibu lake lilikuwa mtu. Baba yangu mzazi, mstaafu wa miaka mingi, anaishi nasi, na masikio yake yamechoka. Kila ilipotimia saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, alichukua redio yake ndogo akaenda kuketi barazani. Hakulalamika. Alisema tu kwamba watu wa runinga siku hizi wanasemea ndani ya debe. Mzee aliyezoea kuwa katikati ya mazungumzo alikuwa anatoka polepole katika maisha ya nyumba, na wajukuu walianza kudhani kuwa hiyo ndiyo desturi yake.

Mzee hakukosea sana kuhusu debe. Runinga za kisasa ni nyembamba, na spika zake ndogo aghalabu hutazama chini au nyuma, zikapeleka sauti ukutani badala ya masikioni. Ukiongeza sauti, muziki na vishindo huongezeka pamoja na maneno, na msikilizaji hubaki pale pale. Dawa yake ni kuyatenga maneno. Katika mpangilio wa spika tano na sabufa moja, ule ulioenea baada ya sauti ya Dolby Digital kuingia katika majumba ya sinema mwaka 1992, maneno mengi ya wachezaji hutoka katika spika ya katikati. Hata taarifa ya habari, ambayo huja kwa njia mbili tu, risiva huweza kuipambanua: kile kilicho sawa kushoto na kulia hukituma katikati. Basi spika hiyo moja ikiongezwa sauti peke yake, maneno hupanda bila kelele kupanda.

Hapa niseme neno juu ya sabufa. Mitaani kwetu jina hilo limekuwa la seti nzima, spika ndogo na kubwa pamoja. Kwa asili ni jina la ile spika moja tu ya sauti nzito, ya ngoma na ngurumo. Haina msaada wowote kwa mzee asiyesikia maneno.

JAMAA WA CHOMBO

Anayeoa hapokei mke peke yake. Hupokea shemeji, wakwe na mashangazi. Risiva nayo ni hivyo hivyo. Kabla ya kwenda dukani tulichukua karatasi, mume wangu akamulika tochi nyuma ya runinga, nami nikaandika kila tundu na kila chombo. Runinga ilikuwa na matundu matatu ya HDMI, moja limeandikwa ARC. Kulikuwa na king'amuzi, deki ya zamani yenye plagi za njano, nyeupe na nyekundu, gramafoni ya Mzee na santuri zake, na spika mbili za zamani zilizoandikwa “ohm 6” mgongoni. Karatasi hiyo ilituokolea fedha kuliko punguzo lolote la bei.

Waya wa HDMI, uliotangazwa mwaka 2002, hubeba picha na sauti kwa pamoja. Lile tundu lililoandikwa ARC lilikuja na toleo la 1.4 mwaka 2009: huirudisha sauti kutoka kwenye runinga hadi kwenye risiva kwa waya ule ule. Toleo la 2.1 la mwaka 2017 lilileta eARC, lenye njia pana zaidi. Kama runinga yako haina ARC, tafuta risiva yenye tundu la waya wa mwanga, ila ufahamu kwamba runinga nyingine hupunguza sauti ya njia sita zikaitoa kwa waya huo ikiwa njia mbili tu.

Kuna pia kufuli. Picha za daraja la 4K aghalabu hulindwa na kufuli liitwalo HDCP toleo la 2.2. Risiva ya zamani isiyokuwa na ufunguo huo, ikikaa katikati, huizuia picha isipite au huifanya ipite ikiwa imepunguzwa ubora. Mwenye risiva ya namna hiyo asiitupe. Aunge chombo cha picha moja kwa moja kwenye runinga, kisha airudishe sauti kwa ARC au kwa waya wa mwanga.

Vyombo vya kale navyo vina haki yao. Si kila risiva mpya huweza kuipokea picha ya plagi ya njano na kuitoa kwa HDMI. Pengine itakubidi uvute waya wa pili hadi kwenye runinga. Gramafoni nayo hutoa sauti hafifu mno, na santuri huchongwa huku besi imepunguzwa ili mfereji wa sindano usiwe mpana. Inahitaji tundu lililoandikwa “phono”, linaloikuza sauti na kuirudisha besi mahali pake. Risiva isiyo na tundu hilo hudai kijichombo cha ziada, nacho kina bei yake.

NGUVU NA MANENO YA BOKSI

Mume wangu, kama wanaume wengi, alivutiwa na wati. Boksi moja liliahidi mia moja, jingine mia mbili. Ukweli ni kwamba kuongeza nguvu mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa taabu kidogo. Tena uliza wati hizo zilipimwaje: spika moja ikicheza peke yake kwa mlio mmoja, au mbili zikicheza pamoja kuanzia besi hadi sauti nyembamba? Kipimo cha kwanza hupendezesha boksi, cha pili husema kweli. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja huhitaji nusu ya nguvu inayohitajiwa na ile yenye 87.

Linganisha pia ohm. Kama risiva imeandikwa kuwa inavumilia kuanzia ohm 6, usiifungie spika za ohm 4. Hizo huvuta mkondo mkubwa zaidi wa umeme, nayo risiva huchemka, hujizima, na mwisho yaweza kufa.

UMEME WA KWAO NA WA KWETU

Wengi wetu hununua vyombo vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Hapo usitazame sura, soma kibati cha nyuma. Umeme wa Tanzania ni volti 230 kwa hezi 50. Wa Marekani ni volti 120 kwa hezi 60, na wa Japani ni volti 100. Jirani yetu mmoja alichomeka risiva ya Marekani moja kwa moja ukutani. Ilinuka moshi kabla haijatoa neno. Transfoma ya kushusha volti yapatikana, lakini iwe yenye uwezo wa kutosha, na ukumbuke kuwa haibadili hezi. Redio iliyomo ndani nayo ina kwao: masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na hukomea 90 au 95, wakati ya kwetu hufika 108. Wenye magari yaliyotoka Japani wanaijua karaha hiyo.

Nasi akina mama tuna letu. Vitambaa vya kufuma ni pambo zuri, lakini risiva hupumua kupitia mgongoni. Kitambaa juu yake ni blanketi juu ya mwenye homa. Iachie nafasi wazi juu na kandoni.

Dukani muuzaji alitusifia chombo cha njia saba chenye taa nyingi. Tulimwomba akigeuze tuone mgongo wake, kisha tukaisoma karatasi yetu mstari kwa mstari. Hakikuwa na tundu la gramafoni. Tulichukua cha njia tano, kidogo, chenye matundu yote tuliyoyahitaji. Spika zetu za ohm 6 zilikubalika. Tulinunua ile ya katikati tu, na fedha iliyobaki ikaenda kwenye sare za shule. Jambo la mwisho tulilopima lilikuwa rimoti. Kwa njia iitwayo CEC rimoti ya runinga huweza kuiwasha risiva na kuipandisha sauti, hivyo Mzee hana haja ya kumngoja mjukuu atoke shule. Tuliiweka spika chini ya runinga, tukaielekeza usawa wa masikio ya aliyeketi, tukaiongezea desibeli 3.

Siku hizi Mzee huketi nasi saa mbili usiku. Amerudi kuwa Mzee yule yule: msomaji wa habari akikosea ngeli, humsahihisha kwa sauti inayoshinda ile ya spika, na watoto wamejifunza Kiswahili kingi kwa njia hiyo.

Basi, ndugu msomaji, ukikusudia kununua chombo hiki, anza na mtu, si na wati. Uliza ni nani asiyesikia na nini asichosikia. Hesabu jamaa wa chombo kabla hujakileta nyumbani, soma kibati, mgeuzishe muuzaji boksi lake, na usione haya kumkawiza. Kuuliza si ujinga, na fedha ni yako.