Nyumba Imebana: Uhame au Uongeze Chumba?

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Je, msomaji, utafanyaje ukifungua ukakosa pa kupita? Watoto wamekua, kifungua mimba analala sebuleni, na habari zimetoka mashambani kwamba nyanya yao anakuja kukaa nanyi. Mke anasema mhame. Mume anasema muongeze chumba. Chakula cha jioni kinaliwa kimya.

Kabla hujamwita fundi, wala hujaenda kutazama ploti Kitengela, tenga Jumapili moja ukatembee Buruburu. Panda matatu namba 58 katikati ya jiji la Nairobi, upitie Barabara ya Jogoo, kisha ushuke kwenye Barabara ya Mumias South.

Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, kwa mpango wa Baraza la Jiji la wakati huo na shirika la CDC la Uingereza. Nyumba zilinunuliwa kwa mkopo na watu wa mshahara. Zilipangwa kuzunguka nyua za pamoja, watoto wacheze mbali na magari, na kila familia ipate kipande chake cha ua.

Leo ukipita humo utaona jinsi kila familia ilivyojibu swali lako. Huyu amejenga duka mbele. Yule ameongeza vyumba vya kupangisha, na karo ya watoto imelipwa kutokana na kodi yake. Mwingine amepandisha ghorofa, na jirani yake sasa huwasha taa jikoni saa sita mchana.

Nasi pia tulijibu. Mwaka wa 1996 tulikuwa na ua mdogo nyuma ya nyumba: kamba ya nguo, mahali pa kufulia na mitaro miwili ya sukuma wiki. Mama yangu alipokuwa anakuja kuishi nasi, tuliujaza ua huo wote chumba kimoja cha mawe. Mafundi walimaliza kwa wiki tatu, nami nikajiona mwanamume kweli.

Mama alipata kitanda kipya, taa na mlango wake mwenyewe. Lakini tangu ujana wake alizoea kuketi juani asubuhi akichambua mboga na kusalimiana na wapitao. Jua lenyewe tulikuwa tumeliziba kwa ukuta wetu. Kabla ya miezi miwili kwisha, alisema anarudi kuwaangalia ng'ombe wake. Hakulalamika. Siku ya kuondoka tu aliniambia, "Mwanangu, mmenipa chumba, lakini hamkuniachia mahali pa kukaa."

Usidhani, msomaji, kwamba ninapinga kuongeza nyumba. La hasha! Ukitoka Buruburu, nenda hadi Dandora. Mradi wa huko ulianza mwaka wa 1975 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Familia zilipewa ploti zipatazo 6,000, zenye choo na bafu, kisha kila mwenye ploti akajenga vyumba polepole kadiri ya mfuko wake. Huko kuongeza kulikuwa ndiyo ramani yenyewe. Hata hivyo, tazama magorofa yaliyoota baadaye, uone jinsi hewa na mwanga vinavyotoweka kila mtu akichukua nafasi yote aliyo nayo.

Kuhama nako kuna gharama zake. Anayenunua nyumba mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani yake, na bado hajamlipa wakili wala gari la kubeba vyombo. Halafu kuna yale yasiyoandikwa kwenye risiti: nauli ya kila siku, mtoto kuamka saa kumi alfajiri ili awahi shule, na jirani aliyekuwa akibaki na ufunguo wako. Jirani wa miaka ishirini hapakiwi kwenye lori.

Ukiamua kujenga, basi ujenge kwa utaratibu. Pata kwanza kibali cha kaunti, maana sheria ya mwaka wa 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inakidai. Ukitaka kwenda juu, mwite mhandisi akague msingi, kwani msingi uliowekwa kubeba ghorofa moja haujui kwamba umenunua simiti ya ghorofa tatu. Chunguza pia bomba la majitaka linapita wapi, usije ukalijengea sakafu juu yake. Siku litakapoziba, uchafu utaibuka kwa jirani, na urafiki utakwishia hapo.

Lakini kabla ya hayo yote, fanya jambo moja lisilogharimu hata senti. Jumapili ijayo toa kiti, uketi pale unapotaka kujenga, tangu asubuhi hadi jua litue. Angalia ni nani anayepatumia: mtoto mwenye mpira, mama mwenye beseni la nguo, mzee anayeota jua. Ukiona kwamba watabaki na mahali pengine, mwite fundi. Ukiona hawatabaki na popote, anza kutafuta nyumba.