Programu Yangu Ilimsingizia Mzee wa Zamu ya Usiku

Nimekuwa kimya hapa mwezi mzima, na wengine mmeniuliza kama nimehama. Sijahama. Nilikuwa kiwandani, tena kwa shida niliyojitakia mwenyewe, na leo nitawasimulia hadi mwisho hata kama sehemu nyingine zinaniaibisha.

Mnajua kazi yangu ni kutunga programu. Mwaka jana kiwanda kimoja cha majani chai, magharibi mwa Bonde la Ufa, kiliniomba programu ya kukusanya habari kutoka kwenye mashine za kukausha chai. Kila mashine pale inaongozwa na kidude kinachoitwa PLC. Hii ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, imefungwa ndani ya sanduku la chuma ukutani. Inasoma vitufe na vipimo vya joto, kisha inaamuru feni, mikanda na vali. Programu yangu ilikuwa inaiuliza hali yake kila sekunde na kuandika majibu kwenye daftari. Mashine ikisimama, daftari linasema saa na sababu. Meneja alilipenda sana daftari hilo.

Halafu mashine moja ikaanza kusimama ovyo. Majani yaliyokwisha kuchachuka hayamngoji mtu. Yakikosa hewa ya moto yanaendelea kuchachuka, na chai inayotoka imepooza, haina ladha ya kuuzia. Katika wiki tatu mashine ilisimama mara 11, na mara 9 zilikuwa katika zamu ya mzee mmoja wa usiku. Kila mara daftari liliandika maneno yale yale: MWENDESHAJI AMEBONYEZA STOP. Maneno hayo niliyatunga mimi, nimeketi kwangu Nairobi na kikombe mkononi.

Mzee alikana. Nani atamwamini mtu, wakati kompyuta imesema? Akapewa barua ya onyo, na ya pili ilikuwa njiani. Mimi niliitwa ili nithibitishe kwamba programu haina kasoro, na nawaambia ukweli, nilipanda matatu nikiwa na hakika kwamba mzee anadanganya.

Aliponiona hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana wangu, nikibonyeza nitasema nimebonyeza. Niogope nini?"

Usiku ule nilikaa na mchoro wa nyaya, na hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho. Kitufe cha STOP hakifungwi kama swichi ya taa ya nyumbani. Kwa kawaida kimefungwa, umeme wa volti 24 unapita ndani yake muda wote, na PLC inasoma 1. Ukikibonyeza kinafunguka, umeme unakatika, PLC inasoma 0 na kusimamisha mashine. Wamefanya hivyo kwa makusudi, ili waya ukikatika mashine isimame badala ya kuendelea kukimbia bila breki. Ni busara kabisa. Lakini maana yake ni kwamba 0 inaweza kuwa kidole cha mtu, au waya uliolegea, au umeme uliopotea kwa kufumba na kufumbua. Programu yangu ilijua kidole tu.

Asubuhi nikamwendea fundi wa umeme. Akachukua mita yake, akapima zile volti 24, akanionyesha: 24.1. "Iko sawa, injinia. Tafuta kwako."

Hapa naomba mnisikilize vizuri wale mnaopenda kuchokonoa vifaa. Mita ya kawaida inaonyesha wastani. Umeme ukitetemeka juu na chini mara 100 kwa sekunde, mita itakuambia 24 bila haya. (Kwa nini 100? Stima yetu ni ya hezi 50, na ikishageuzwa kuwa umeme wa upande mmoja, kila mzunguko unatoa mapigo mawili.) Nilimwomba fundi ageuze mita kwenye upande wa umeme wa AC na apime nyaya zile zile za DC. Pawa saplai yenye afya ingeonyesha milivolti kidogo tu. Ikasoma volti 1.9. Fundi akaipiga mita kofi, akapima tena. Ikarudia 1.9.

Hiyo ilikuwa dalili, haikuwa ushahidi. Nikaazima oskiloskopu kwa rafiki anayefundisha chuo cha ufundi, nikaiunganisha kwenye zile volti 24, tukangoja jioni. Saa za usiku ndizo zenye mambo: vijijini watu wamewasha taa na televisheni, stima inashuka, na kiwandani majani yaliyofika jioni yamejaa, kwa hiyo mzee wa usiku ndiye anayewasha mashine ya pili ya kukausha. Mota kubwa ya feni ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara 5 hadi 7 ya kawaida yake kwa sekunde chache. Mzee akawasha. Taa zikafifia kidogo, kama zinavyofanya kila siku, na kwenye kioo cha oskiloskopu ule mstari wa volti 24 ukaanguka hadi karibu volti 4, ukakaa chini milisekunde 30 hivi, ukapanda tena. Mashine ya kwanza ikasimama. Mzee alikuwa hatua kumi kutoka kwenye kitufe, mikono mifukoni.

Viingizo vya PLC vya volti 24 husoma 1 kuanzia volti 15 kwenda juu, na 0 kuanzia 5 kwenda chini. Volti 4 ni 0 safi. PLC yenyewe haikuzimika kwa sababu inakula stima ya 240 moja kwa moja. Ilibaki macho, ikaona kiingizo kimelala, ikaamini.

Pawa saplai nzima ingevumilia kile kidimbwi cha stima. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme kama tangi la maji linavyohifadhi maji mfereji ukikauka, na nyingi hubeba mzigo kwa milisekunde 20 au zaidi. Tulipoitoa na kuifungua, kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa kama mandazi, na moja imetoa uchafu wa rangi ya kahawia. (Usifungue yako kwa kunisikia mimi. Stima ya 240 ikishanyooshwa inafika karibu volti 339, na kapasita kubwa hubaki nazo hata baada ya kuzimwa. Fundi alizimaliza kwanza kwa kizuizi cha waya, nami nikasimama mbali.)

Kwa nini zilikufa? Joto. Sanduku limefungwa ukuta mmoja na mashine ya kukausha, na chujio la feni yake lilikuwa limezibwa na manyoya ya chai, yale mavumbi mepesi yanayoruka kiwandani. Ndani tulipima nyuzi 58. Kapasita za aina hii zina kanuni rahisi: kila nyuzi 10 unazoongeza, umri unakatika nusu. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itaishi kama saa 32,000 kwa nyuzi 65. Zinaonekana nyingi, lakini kifaa kisichozimwa usiku wala Jumapili kinazimaliza kwa miaka mitatu na miezi minane. Hiki kilikuwa kwenye mwaka wa saba. Mimi ningeshukuru laptopu yangu ifike huko.

Marekebisho yalikuwa ya haraka. Pawa saplai mpya ya ampea 10, imeachiwa nafasi juu na chini ipumue, chujio jipya, na vali zikapewa pawa saplai yao peke yake. Kazi niliyoitaka zaidi ilikuwa ya bei ya chini kabisa: kitufe cha STOP kikaongezewa mguso wa pili unaofanya kinyume. Mtu akibonyeza kwelikweli, wa kwanza unakuwa 0 na wa pili 1. Volti zikipotea, yote miwili ni 0. Pawa saplai mpya nayo ina relei ndogo inayosema volti ziko sawa, tukaileta kwenye kiingizo kingine.

Kisha nikafuta maneno yangu kwenye programu. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili kwa meneja, pamoja na picha ya oskiloskopu, na nikataja wazi kwamba sentensi iliyomtia mzee hatiani ilikuwa yangu na ilikuwa ya kukisia. Barua ya pili haikutoka. Ile ya kwanza wameifuta kwa barua nyingine, ingawa zote mbili zimebaki kwenye faili lake, na hilo bado linaniudhi.

Usiku wa mwisho mzee alinijia kwenye kompyuta. "Na sasa ikisimama saa kumi usiku, itasema nini juu yangu?"

Nikachomoa waya mmoja ili aone. KIINGIZO CHA 3 KIMEKOSA VOLTI, SABABU HAIJULIKANI. Akayasoma mara mbili, taratibu, kisha akasema anakwenda kuangalia joto la mashine ya pili.